Nazi saba kwa chungu kimoja: uchambuzi wa kisa cha mama aliyeshindwa kuchagua

Bi M. ameyasoma maelezo haya na ameyaridhia. Umri wake, kazi yake na idadi ya watoto nimevibadilisha. Mtaa ni Ngamiani, kwenye zile barabara za namba, ila namba yenyewe naiacha. Mimi natoa ushauri nasaha hapa Tanga mjini, na kisa hiki nimekichagua kwa sababu watu wenye tatizo kama lake huchelewa mno kutafuta msaada. Ofisini wanasifiwa kwa umakini, mtaani wanaitwa watu wasiokurupuka, na usiku wanalala wakiumia peke yao.

Usuli

Bi M. ni mama wa miaka thelathini na ushei, anatunza hesabu za kampuni ndogo ya usafirishaji. Mumewe ni dereva wa lori na wiki nyingi yuko njiani kati ya Tanga, Horohoro na Mombasa, kwa hiyo maamuzi ya nyumbani humwangukia mke. Daftari lake la hesabu nimeliona: halina futio hata moja, na shilingi 200 ikipotea mwisho wa mwezi hatulii mpaka aipate. Kazini jicho hilo ndilo linalomlisha.

Tatizo ni kwamba jicho hilo anarudi nalo nyumbani. Tangu Ramadhani iliyotangulia, madirisha ya sebule yake yalikuwa yamefunikwa kanga mbili kuukuu, kwa kuwa mapazia yalikuwa hayajachaguliwa. Sabuni ya kufulia humsimamisha dukani dakika 20 akilinganisha gramu na bei. Siku moja alitaka kumwomba bosi ruhusa ya nusu siku. Ujumbe aliuandika akaufuta, akauandika akaufuta, mpaka siku yenyewe ikapita na akafanya kazi akiwa na homa.

Amelelewa na shangazi yake katika kijiji kimoja cha pwani. Kuna siku, akiwa na miaka tisa, alitumwa samaki. Akarudi na changu ambaye macho yalishaanza kuzama. Shangazi hakumpiga. Alimchukua yule samaki mkiani, akatoka naye barazani walipokaa majirani wakisuka ukili, akasema, "Tazameni alichoniletea huyu. Ana macho lakini haoni." Bi M. alinisimulia habari hii mara tatu katika vikao tofauti, na kila mara alionyesha kwa mkono jinsi samaki alivyokuwa akining'inia.

Viatu vya Januari

Novemba mumewe alimwachia shilingi 30,000 za viatu vya shule vya mtoto wa pili. Viatu vyeusi tu, vya kawaida. Akaanza kuzunguka. Duka la kwanza vilikuwepo, namba sahihi na bei sahihi, ila soli alihisi ni nyembamba. La pili soli ilikuwa nzuri, kamba hazikumpendeza. Alipoanza kusahau alichokiona wapi, akawa anapiga picha kwa simu. Desemba ilipokwisha alikuwa na picha 41, na baadhi ya viatu alivyovipiga vilikuwa vimeshauzwa.

Shule zilifunguliwa Januari. Mtoto alikwenda na viatu vya mwaka uliopita, vilivyombana. Wiki ya pili mwalimu aliandika kwenye daftari la mtoto kwamba anachechemea. Bi M. alimvua soksi jioni ile akakuta kidole kimechubuka na soksi imegandia kidonda. Kesho yake asubuhi aliingia duka la karibu kabisa na kituo cha daladala na kununua jozi ya kwanza aliyoiona, kwa shilingi 26,000. Mtoto alivivaa mwaka mzima bila tatizo.

Aliponijia Februari hakuanza kwa kusema hawezi kuamua. Alisema, "Dada, mimi nimemuumiza mwanangu kwa kumpenda." Nilimwomba asiseme zaidi kwanza, anywe maji.

Tulichojaribu mwanzo, na kwa nini

Kosa la kwanza ni langu. Kwa kuwa ni mtu wa hesabu, niliona tumpe chombo anachokijua: jedwali. Achore safu, aandike bei, uimara, muonekano, kila kimoja akipe alama, kisha ajumlishe na kununua chenye alama nyingi. Wakati huo alikuwa anatafuta jiko la gesi la plati mbili. Aliondoka kwangu amefurahi.

Wiki tatu baadaye alirudi na jedwali la safu 11. Alikuwa ameshalibadilisha mara nne. Kila jiko moja lilipoongoza, alihisi kuna jambo hakulizingatia, akaongeza safu. Alikuwa ameandika hata umbali wa fundi wa matengenezo. Nilipolitazama lile jedwali, lililopigwa mstari kwa rula, niliona wazi kwamba nimempa mlevi funguo za kilabu.

Jaribio la pili lilitoka kwa mumewe, mtu mpole ambaye kwa kweli alitaka kumpumzisha. Akasema, "Basi uwe unanipigia, mimi nachagua." Siku chache nyumba ilitulia. Kisha simu zikawa nyingi: rangi ya ndoo, aina ya mchele, mtoto avae shati lipi kwenye maulidi. Siku moja alimpigia mumewe akiwa kwenye foleni ya forodha Horohoro kuuliza kuhusu vitunguu. Na kitu alichochagua mume kikiharibika, Bi M. alijilaumu vilevile, safari hii kwa kumwachia mtu asiyekiona kitu chenyewe. Tukaliacha.

Watu wa karibu nao walikuwa na dawa yao: methali. Kila aliyemwona akikawia sokoni alimwambia *mchagua nazi hupata koroma*, yaani nazi ambayo haijakomaa. Naipenda methali hiyo, ila kwa mtu kama huyu inazidisha maradhi, kwa sababu inamwambia kwamba koroma ni adhabu. Yeye tayari anaishi akiiogopa koroma.

Sifa tatu kwenye kikaratasi

Tulipoanza upya niliweka masharti machache. Kabla ya kutoka nyumbani aandike sifa tatu tu ambazo kitu lazima kiwe nazo, na bei asiyoivuka. Afikapo sokoni, cha kwanza kutimiza hizo tatu ndicho anachonunua, hata kama meza ya jirani ina kingine kinachong'aa zaidi. Akishalipa, hapiti tena kwenye maduka ya bidhaa hiyo siku hiyo, wala haulizi mtu "wewe ulinunua bei gani?" Na tuanze na vitu ambavyo vikienda vibaya hasara yake ni ndogo: mchicha, ndimu, nazi.

Sababu ya kuziandika sifa nyumbani ni kwamba sokoni sifa huzaliana. Ukimwona muuzaji ana nazi iliyochunwa vizuri, ghafla uchunaji nao unakuwa sifa.

Mara ya kwanza nilikwenda naye soko la Mgandini, Jumamosi asubuhi. Kikaratasi kilisema: kavu, ina maji, haina ufa. Bei, shilingi 1,000. Anatakiwa nazi mbili za wali. Akaokota ya kwanza, akaiweka sikioni, akaitikisa. Maji yalicheza, hata mimi niliyasikia. Akaigonga kwa kucha. Akaigeuza akatazama yale macho matatu, akapitisha kidole gumba juu yake kutafuta unyevu. Akaiweka chini, akaokota ya pili. Ya tatu. Alipofika ya saba, muuzaji, kijana mmoja aliyekaa juu ya gunia, akasema kwa upole, "Mama, hizo zimeshapata kizunguzungu."

Sikumhimiza. Nilimuuliza tu, "Ya kwanza ilikosa nini kwenye karatasi?" Akasoma kikaratasi. Akanyamaza. Akaitafuta ile ya kwanza, na hapo akagundua kwamba hawezi tena kuitambua katikati ya zile saba. Alisimama akizitazama, machozi yakimlenga. Kisha akachukua mbili zilizokuwa karibu na mkono wake, akalipa, tukaondoka haraka kama watu waliochukua kitu kisicho chao.

Jioni akanipigia. Moja ilikuwa koroma. Aliijua alipokaa kwenye mbuzi na kuanza kukuna: nyama laini, inateleza, tui lake jepesi kama maji ya kuoshea mchele. Nikamuuliza, "Ukafanyaje?" Akasema alichanganya na ile nzuri, akapika, watu wakala. Mtoto mdogo aliomba aongezwe. Mume, aliyekuwa nyumbani wiki ile, alisema wali leo mwepesi, akaendelea kula. Bi M. alikaa akingoja mtu atoke barazani na sahani mkononi awaonyeshe majirani. Hakutoka mtu.

Naiona jioni ile kuwa ndiyo kitovu cha kazi yote tuliyofanya. Angepata nazi mbili nzuri angejifunza kwamba kanuni inafanya kazi pale bahati inapokubali. Koroma ilimfundisha kwamba ubaya anaoukimbia tangu utotoni, ukija, unamezeka.

Istikhara na wasiwasi

Kuna jambo hakuniambia mpaka mwezi wa pili wa vikao vyetu. Kwa ajili ya mapazia alikuwa akiswali istikhara, swala ya kumwomba Mungu mwongozo katika uamuzi, kwa wiki kadhaa, akingoja ndoto. Ndoto haikuja, akadhani nia yake si safi, akarudia. Hapo mimi si mwalimu wake. Nilimwomba aende kwa ustadh anayemwamini amweleze yote bila kuficha.

Alirudi na maneno ambayo yalizidi yangu kwa mbali. Ustadh alimwambia, "Binti yangu, istikhara ni rakaa mbili na dua, kisha unainuka unashika shughuli yako. Nani amekwambia ukae ungojee ndoto?" Akamkumbusha mtu mwenye wasiwasi wa udhu, anayeosha mkono mara kumi akidhani haujaenea. Mtu huyo huambiwa aishie mara tatu na aende akaswali, shaka yake asiisikilize, kwa kuwa yakini haiondolewi na shaka. Bi M. kanuni hiyo anaijua tangu madrasa. Hakuwahi kufikiri kuwa inaweza kwenda naye sokoni. Tangu siku ile, akishalipa na shaka ikaanza, hujiambia "mara tatu zimetimia" na kuendelea na safari yake.

Mapazia

Hapa mambo yaliharibika tena, na tena mkono wangu upo. Nikidhani nampunguzia hofu, nilimshauri anunue kwenye duka linalokubali kubadilisha ndani ya wiki moja. Sifa tatu zilikuwa: yazuie jua la jioni, yafulike, yafike sakafuni. Alichagua ya rangi ya maziwa ndani ya nusu saa. Nilimpongeza sana.

Siku ya pili wifi yake alikuja, akayashika mapazia kwa vidole viwili, akasema, "Mh, rangi hii na watoto hawa?" Bi M. hakulala. Akayarudisha, akachukua ya kahawia. Nyumba ikaonekana giza. Akayarudisha hayo pia, akachukua ya kijani. Mara ya tatu mwenye duka alimkatalia, akamwonyesha karatasi iliyobandikwa ukutani: bidhaa inabadilishwa mara mbili tu. Bi M. alirudi nyumbani na ya kijani, akayatundika akiwa na hasira. Baada ya siku nne aliniandikia kwamba ameanza kuyapenda, hasa saa kumi na moja jioni jua linapoyapitia.

Hali ilivyo sasa

Tulikutana mara 14 kuanzia Februari hadi Septemba. Kwa hesabu ya daftari lake mwenyewe, manunuzi ya Jumamosi yaliyokuwa yakimla saa tatu sasa huchukua chini ya saa moja. Jiko la gesi lilinunuliwa Aprili. Moto wa plati moja ni mdogo kuliko wa pili, na anapikia hivyohivyo. Soko la samaki la Deep Sea anaenda mwenyewe kununua samaki, kazi ambayo kwa miaka alimwachia dada wa kazi. Anaangalia macho na mashavu mara moja, basi.

Ujumbe kwa bosi bado ni mgumu. Ameshuka kutoka rasimu nyingi hadi mbili au tatu, lakini kila anapobonyeza kutuma moyo humwenda mbio. Na kuna suala la kiwanja, ambalo nimemwambia asilitie kwenye kanuni ya sifa tatu hata kidogo. Kiwanja kinataka uende serikali ya mtaa, uende ofisi ya ardhi uthibitishe nyaraka, uwaulize majirani mipaka, ukae na mumeo. Uzito wa jambo ndio unaopima muda, na mtu aliyezoea kuchelewa kwenye nazi anaweza, akipona, kutaka kukimbia hata pasipo pa kukimbia.

Uchambuzi

Kutaka kilicho bora kuliko vyote na kutaka kinachotosha ni njia mbili tofauti za kutafuta. Mwaka 1956 Herbert Simon, msomi wa Marekani aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 1978, alieleza kwamba binadamu hana muda wala uwezo wa kupima kila kilichopo, kwa hiyo hujiwekea kiwango na kusimama pale kitu cha kwanza kinapokifikia. Sifa tatu zetu ni wazo hilohilo, limevaa kanga. Jedwali nililompa kwanza lilikuwa kinyume chake: lilimtaka apime vyote. Mtu anayetafuta sababu ya kutochagua huipata kwenye kila safu mpya.

Wengi hudhani tatizo ni wingi wa bidhaa, na husimulia jaribio la jemu lililofanywa katika duka kubwa huko California na kuchapishwa mwaka 2000. Kati ya wateja waliosimama kwenye meza yenye jemu za aina 24, asilimia 3 tu ndio walionunua; kwenye meza yenye aina 6, asilimia 30. Ni jaribio zuri, lakini uchambuzi wa mwaka 2010 uliokusanya majaribio mengi ya namna hiyo ulikuta kwamba kwa wastani athari ya wingi inakaribia sifuri. Kisa cha Bi M. kinanielekeza upande huohuo. Nazi zilikuwa za aina moja, bei moja, rundo moja.

Kinachomfaa zaidi ni maelezo ya Paul Hewitt na Gordon Flett wa Kanada, ambao mwaka 1991 walitenganisha sura tatu za kutaka ukamilifu: mtu kujidai mwenyewe, kuwadai wengine, na kuamini kwamba wengine wanamdai yeye. Bi M. ni wa sura ya tatu. Hakuwa anatafuta kiatu kizuri. Alikuwa anatafuta kiatu ambacho hakuna atakayekiinua barazani. Kiatu hicho hakiuzwi. Ndiyo maana neno moja la wifi lilibomoa kazi ya miezi, na ndiyo maana kumwachia mume achague hakukusaidia: hukumu aliendelea kuingoja yeye.

Kuhusu mapazia, nilipaswa kujua. Daniel Gilbert na Jane Ebert walichapisha mwaka 2002 jaribio la wanafunzi wa upigaji picha huko Harvard. Kila mmoja alibaki na picha moja kati ya mbili alizosafisha. Walioambiwa wanaweza kuibadilisha baadaye waliipenda picha yao kidogo kuliko walioambiwa uamuzi ni wa mwisho. Mlango ukiachwa wazi, moyo hukaa mlangoni. Mwenye duka na karatasi yake ya ukutani alifanya nilichoshindwa kukifanya, na sasa namshauri kila mteja wa aina hii anunue pasiporudishwa, ilimradi kitu chenyewe ni kidogo.

Je, haya yote hayamfanyi mtu apokee vitu duni? Kidogo, ndiyo. Utafiti wa mwaka 2006 uliowafuatilia wahitimu wa vyuo Marekani ulionyesha kwamba waliotafuta kazi bora kuliko zote walipata mishahara ya kuanzia iliyozidi ya wenzao kwa takriban asilimia 20, huku wakiridhika kidogo kuliko wao. Kuna bei. Kwenye mshahara pengine inafaa kuilipa. Kwenye viatu vya darasa la pili, aliyeilipa ni mtoto, kwa kidole chake.

Kwa anayesaidia mtu wa namna hii, niseme pia mahali ambapo njia yangu haitoshi. Mtu anayeosha au kukagua kitu kimoja kwa saa nzima kila siku, aliyekosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki nyingi, au anayesema maisha hayana maana, asipelekwe sokoni na kikaratasi. Aonwe na daktari. Hapa mjini wengi huanzia Hospitali ya Mkoa, Bombo. Bi M. nilimuuliza haya yote kikao cha kwanza, kabla ya jambo lolote.

Desemba alinitumia picha moja ya viatu vyeusi, vya kufunga kwa mkanda, vimezidi mguu kwa namba moja ili mtoto akue navyo. Chini yake aliandika: "Duka la kwanza. Mkanda wa kushoto umeshonwa upande kidogo. Nimeuona, nimenunua."